Kompyuta tangu Hazina hata Nangwa

Hapana chombo kilichoingia katika nchi yetu kwa heshima kubwa kama kompyuta, wala hapana kilichofungiwa mlango upesi kama hicho. Mwaka 1965 mashine ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania ilisimikwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na televisheni ikatiwa katika hukumu ile ile. Baina ya kukaribishwa na kukatazwa ilipita miaka 9 tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka mashine ilipofika alikuwa bado katika madarasa ya chini ilipoandikwa katika orodha ya vitu visivyotakiwa.

Vijana wakisimuliwa habari hii leo hucheka. Wao wamezaliwa katika zama ambazo simu ya mfukoni hupita kwa mbali nguvu za mashine ile ya Hazina, na kwao marufuku ya kompyuta ni kama marufuku ya majembe. Mimi sicheki. Nimetumia vyombo hivi kwa miaka mingi, nimevifungua na kuvifunga, na kadiri ninavyovizoea ndivyo ninavyozidi kuona kwamba marufuku ya 1974 ilikuwa jibu baya kwa swali zuri. Swali lenyewe lilikuwa hili: kumbukumbu za watu zikisha kutiwa ndani ya mashine, nani mwenye uwezo wa kuzitoa? Serikali ilijibu kwa kufunga mlango. Mlango ulifunguliwa zamani, lakini swali lingali limesimama, na mahali pa kuliona vizuri si Dar es Salaam tena, bali ni mahali kama Nangwa.

Nangwa ni kata ya Wilaya ya Hanang, chini ya mlima wenye jina hilo, ambao kilele chake kinapita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Hata mwaka 1985 Hanang ilikuwa wilaya moja na Babati, na hata mwaka 2002 nchi yote hii ilihesabiwa katika Mkoa wa Arusha. Ndipo ulipozaliwa Mkoa wa Manyara, makao yake yakawa Babati. Wenyeji ni Wairaqw na Wabarabaig, pamoja na watu wa makabila mengine waliofuata ardhi njema. Hulimwa mahindi, maharage, ngano na mbaazi, na ng'ombe huchungwa. Msomaji aweza kuuliza mahali kama hapa pana uhusiano gani na mashine ya Hazina. Itanibidi niende mbali kwanza, kisha nirudi.

Mashine ya Hazina iliitwa ICT 1500. Herufi tatu zile ni ufupisho wa jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators. Lakini mashine yenyewe haikubuniwa Uingereza: ilikuwa mashine ya RCA ya Marekani, iliyojulikana kwao kwa jina la 301, nao Waingereza waliiuza kwa jina lao. Basi hata kabla ya kutufikia chombo kilikuwa kimekwisha kubadili jina, na jambo hilo si geni kwa mtu anunuaye simu leo. Kumbukumbu ya mashine za namna hii ilichukua herufi 10,000 katika umbo lake dogo na 40,000 katika umbo lake kubwa. Insha hii unayoisoma isingeenea katika ile ndogo. Walakini kwa kumbukumbu ndogo kama hiyo serikali na makampuni ya dunia nzima yalipiga hesabu za mishahara ya maelfu ya watu, kwa kuwa mashine haikutakiwa kukumbuka wote kwa mara moja. Ilimkumbuka mmoja mmoja, kadi kwa kadi.

Kadi hizo zastahili maneno zaidi. Habari haikuingia katika mashine kwa kuandikwa juu ya kioo kama tufanyavyo leo. Kila jina na kila tarakimu ilitobolewa katika kadi ya karatasi ngumu yenye safu 80, tundu kwa tundu. Ofisi za kadi zilikuwa na desturi moja ambayo naihusudu hata leo. Mtu wa kwanza alitoboa kadi. Kisha mtu wa pili alipewa kadi ile ile na waraka ule ule, akapiga upya kila herufi katika mashine ya kuhakiki, na mahali ambapo vidole vya wawili hawa havikupatana, mashine ilikataa kuendelea. Kazi moja ililipiwa mishahara miwili, wala hapana aliyeona kuwa ni israfu. Tena kwenye ukingo wa juu wa kadi aghalabu zilichapwa herufi za kawaida, ili jicho la mtu lisome kile ambacho mashine ilisoma kwa tundu. Aliyezigundua kanuni mbili hizi hakuiamini mashine wala hakumwamini mtu. Aliamini kupatana kwao.

Kampuni ya ICT iliungana na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL, na Hazina nayo ikapanda kutoka mashine ya kwanza hata mashine kubwa ya jamii ya ICL 1900. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Hesabu za serikali zilihamishiwa mashineni, lakini waliojua kuiamuru mashine walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wageni walioajiriwa kwa muda. Mgeni huja na elimu yake na huondoka nayo. Amri alizoziandika kwa mashine hubaki, ila sababu za amri zile huondoka pamoja na sanduku lake uwanja wa ndege. Hesabu zikachelewa, zikagombana, na fedha nyingi zikatumika kuponya ugonjwa ambao hapo kwanza haukuwako. Kompyuta katika nchi nzima wakati huo hazikufika 10, nazo zilitosha kuleta mashaka.

Haifai kuihukumu marufuku bila ya kukumbuka majira yake. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limefundisha kujitegemea. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani, mvua zilikataa, na nchi ililazimika kununua chakula nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba. Waziri wa fedha katika hali hiyo, akiletewa hati mbili, moja ya kununua mahindi na moja ya kununua vipuri vya mashine ambayo haijampa hesabu sahihi, hahitaji kuwa adui wa elimu ili achague. Televisheni ilihukumiwa kwa sababu ya anasa. Zanzibar, ambayo ilikuwa na mamlaka yake katika jambo hilo, ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bara ikakaa bila ya kituo chake hata mwaka 1994.

Nimesema jibu lilikuwa baya, na sina budi kueleza. Mlango uliofungwa haukuwa wa mashine peke yake. Ulikuwa wa mafundi pia. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kukatazwa kisima. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ndogo ya kuwekwa juu ya meza, na tangu hapo bei ikaanza kushuka na ujuzi ukaanza kutoka katika vyumba vyenye baridi kwenda kwa watu. Katika miaka ile ile aliyetaka kuingiza mashine Tanzania alikuwa akitafuta kibali. Waliopata vibali kwa urahisi zaidi walikuwa wenye miradi ya wafadhili, ambao mashine zao zilikuja pamoja na wataalamu wao. Yaani marufuku iliyokusudiwa kutuepusha na kutegemea wageni ilizidi kuwapa wageni nafasi. Kamba ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 hapakuwa na kizuizi tena. Simu za mkononi zilianza mwaka 1994, intaneti ikafuata katikati ya miaka ile, Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA, ilitoka mwaka 2003, na mwaka 2009 waya wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kutoka chini ya bahari.

Hanang wakati huo haikuwa na kompyuta, lakini mashine ilizijua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika mbuga za Basotu, upande wa magharibi wa mlima. Mashamba yalifika 7, na eneo lake lilikaribia ekari 100,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilikuwa kubwa kuliko nyumba. Ngano ilipatikana, nyingi, na mkate wa mijini uliitegemea. Lakini malisho ya Wabarabaig yalikwenda, na pamoja nayo makaburi ya wazee wao yaliyokuwamo katika mashamba. Misaada ya Kanada ilipokoma katika miaka ya 1990, vipuri vikawa taabu, na mashine kubwa zikasimama moja baada ya nyingine.

Nayataja mashamba haya kwa sababu ya kesi iliyozaliwa humo. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na watu 67 waliishitaki NAFCO kwa kuingia katika ardhi yao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliigeuza hukumu. Ilisema kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile. Mamlaka ya kutawala mahali si hati ya kupamiliki. Watu waliokaa na ng'ombe wao, na baba zao wakakaa, na makaburi yakaonekana kwa macho, walishindwa kwa kukosa kumbukumbu ya aina ambayo mahakama inaitambua. Katika wilaya hii, basi, mtu akisema neno kumbukumbu, hasemi habari ya mapambo ya ofisi. Anasema habari ya ardhi.

Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hii inakitaka kila kijiji kuwa na daftari la ardhi, na watu wapewe hatimiliki za kimila, nakala zikae katika masjala ya ardhi ya kijiji. Ni sheria yenye nia njema. Lakini angalia inapokutana na mashine. Daftari huanza kwa kalamu. Kisha mtu husema, na husema kweli, kwamba kuandika kwa mkono kunachosha na kunachafuka, afadhali tuchape. Kijiji hakina kompyuta, au kinayo na haina umeme, au ina umeme na haina mtu. Basi mtendaji hupeleka karatasi kwenye duka la steshenari, pale panapochapwa barua za maombi ya kazi na kutolewa fotokopi za vyeti. Kijana wa dukani huchapa majina, mipaka, na majirani wa mipaka. Hutoa karatasi moja, hulipwa, na kazi imekwisha.

Imekwisha wapi? Faili limebaki katika mashine ya mwenye duka. Nakala moja, ikiwa mtendaji ni mwangalifu, imo katika flashi iliyofungwa pamoja na ufunguo wa pikipiki. Mwezi ujao mashine ya dukani inakuwa nzito, fundi anaitwa, naye, bila ya kuuliza, anafuta vyote na kuweka programu upya. Wenyewe huita kupiga windo. Mtendaji anahamishwa kata nyingine na flashi inahama naye. Kijiji kina karatasi moja iliyopigwa muhuri, na ikiwa mpaka mmoja una makosa, hapana wa kuusahihisha ila kwa kuandika upya tangu mwanzo. Tazama jinsi habari za Hazina zilivyorudi: aliyejua ameondoka, na alichokijua kimeondoka naye. Tofauti ni kwamba mgeni wa safari hii hakutoka ng'ambo, ametoka Katesh.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, kwa kuwa watu huniuliza, ni kompyuta gani anunue kwa ajili ya ofisi ya kijiji au shule au duka lake, humjibu kwanza kwa swali: nakala zitakaa wapi? Aghalabu hukasirika. Alitaka jina la mashine. Lakini mashine hununuliwa tena. Majina ya mipaka hayanunuliwi. Kanuni yangu ni nakala 3: moja ya kufanyia kazi, moja katika chombo kingine kilichofungiwa kabatini, na moja mbali, mahali ambapo balaa moja haliwezi kuzifikia zote. Flashi isihesabiwe kuwa ghala. Imetengenezwa kwa kubeba, nayo huweza kufa bila ya kukohoa: leo yasoma, kesho haionekani. Diski ya nje yafaa zaidi, ikikaa imezimwa na kufunikwa. Na nakala ambayo haijapata kufunguliwa isiitwe nakala. Ni tumaini tu. Kila robo ya mwaka ifunguliwe katika mashine nyingine, mtu asome majina matatu au manne, kisha aifunge.

Neno "mbali" hapa Hanang halihitaji fasiri ndefu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilizochukuliwa zilichukuliwa na kila kilichokuwamo: vyeti vya shule, kadi za kliniki, hati, simu, vitabu vya madeni vya wenye maduka. Mbele ya misiba ile si adabu kuhesabu makaratasi, wala siyahesabu. Nasema tu kwamba wale waliobaki hai walihitaji baadaye kuonyesha wao ni nani na kilichokuwa chao kilikuwa wapi, na hapo kila nakala iliyokuwa nje ya njia ya tope ilikuwa na thamani yake. Nakala ya Nangwa iliyowekwa Katesh ni nakala njema kwa siku za kawaida. Kwa siku isiyo ya kawaida, Babati ni afadhali. Wako wanaosema iwekwe katika hifadhi za mtandaoni, na mimi siwapingi, maadamu namba ya siri ya hifadhi ile haijulikani na mtu mmoja peke yake, na maadamu anuani iliyotumiwa kuifungua si anuani ya kijana aliyekuwa akijitolea mwaka juzi.

Sasa habari ya mashine yenyewe, kwa kuwa haifai kumwacha muulizaji bila ya jibu. Mahali ambapo umeme hukatika au hautoshi, kipakatalishi ni bora kuliko kompyuta ya mezani, na sababu ni hesabu wala si fahari. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula kama wati 150. Kipakatalishi hula kama 50 au pungufu. Kwa kazi ya saa 6, ya kwanza yataka wati-saa 900 na ya pili 300. Paneli moja ya jua ya wati 100, katika siku njema, na baada ya kupotea kinachopotea njiani, yaweza kumlisha kipakatalishi. Ile ya mezani yataka paneli 3, na betri ya kulingana nazo. Betri ya risasi na tindikali isinyonywe kupita nusu yake, maana hufupisha maisha kila inyonywapo hata chini. Watu wengi huilaumu paneli na kumbe wameiua betri kwa kuangalia mpira usiku.

Mitumba isidharauliwe. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa huwa na mifupa migumu kuliko mpya ya bei rahisi. Aghalabu kinachoifanya kuwa nzito ni diski yake ya kuzunguka. Ikitolewa na kuwekwa diski isiyo na kitu kinachozunguka, mashine ya miaka 8 huamka kama iliyolala tu. Tena diski ya namna hii haiogopi mtikisiko wa pikipiki. Lakini anunuaye leo aulize jambo moja zaidi. Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa matengenezo yake ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na ile iliyofuata. Hivyo mashine nyingi njema zitauzwa kwetu rahisi kwa sababu wenyewe wameambiwa zimezeeka. Hazijazeeka. Zikiwekewa Linux na LibreOffice, ambazo hazina bei, zitaandika barua na kupiga hesabu za kijiji kwa miaka mingi. Sharti ni kuwa na mtu wa hapa hapa anayeijua. Pasipokuwa na huyo, tutakuwa tumenunua tena mashine ya Hazina, kwa bei ndogo.

Vumbi la kiangazi chini ya mlima ni adui wa feni. Feni ikizibwa, mashine huchemka. Ikichemka, hupunguza mwendo ili isiungue, na mwenyewe hudhani ina virusi na kumwita fundi apige windo. Brashi laini na dakika 10 kila mwezi zingeliokoa mafaili mengi kuliko programu zote za kuua virusi. Kitambaa juu ya mashine iliyozimwa ni dawa. Juu ya mashine inayofanya kazi ni blanketi juu ya mgonjwa wa homa.

Kuhusu simu nitasema machache, ingawa ndiyo kompyuta ya wengi. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na tangu hapo namba nne za siri zimekuwa ufunguo wa akiba ya nyumba. Wazee wengi humpa mjukuu simu pamoja na namba. Mjukuu ni mwema, sikatai. Lakini rafiki wa mjukuu ameziona. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilizifungia simu bandia, na waliokuwa wamenunua kwa macho walibaki na vioo. Mwenye kununua apige *#06# na kulinganisha namba atakayoiona na ile ya katika boksi, kabla ya kutoa fedha, si baada.

Liko jambo la lugha pia, ambalo wengine huliona kuwa dogo. Wataalamu walipotafuta jina la chombo hiki wengine walisema ngamizi, wengine tarakilishi. Watu wakasema kompyuta, na watu ndio waliomiliki soko. Mimi sigombani na jina. Nagombana na amri. Mtoto wa Nangwa huanza kusema kwa Kiiraqw au Kibarabaig, akaenda shule kusoma kwa Kiswahili, kisha huketi mbele ya mashine inayomwuliza kwa Kiingereza kama ana hakika anataka kufuta. Hajui ameulizwa nini, hubonyeza kitufe kilicho karibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili tangu juu hata chini. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilihitaji kutunga maneno ambayo kabla ya hapo hayakuwako. Haikuenea kama ilivyostahili. Maofisini wakubwa walikuwa wamekwisha kuzoea menyu za Kiingereza na wakaona aibu kuzibadili, kana kwamba kuielewa mashine ni kuishusha cheo. Simu za leo hukubali Kiswahili kwa kubonyeza mara tatu au nne, na bado watu huzitumia kwa lugha wasiyoisoma, wakikariri mahali pa vitufe kama mtu akaririye njia ya gizani.

Sasa nirudi kwenye kadi, kama nilivyoahidi, na kwenye daftari la ardhi. Kadi ya 1965 haiwezi kusomwa na mashine yoyote iliyoko mezani kwetu leo. Lakini ile iliyochapwa herufi kwenye ukingo wake yaweza kusomwa na mtu yeyote aliyekwenda shule. Daftari la kijiji lifanyiwe hivyo hivyo. Lichapwe dukani, kwa kuwa kuchapa ni kwema. Mtu wa pili, asiyekuwa mchapaji, akae na karatasi za kalamu na kusoma kila jina na kila mpaka kwa sauti mbele ya wajumbe, kama mhakiki wa kadi. Faili litolewe katika mashine ya duka kabla ya malipo, si baada. Lifunguliwe hapo hapo kwa mashine nyingine. Litunzwe kwa umbo ambalo programu nyingi hulisoma, lisitiwe namba ya siri ambayo mmoja tu anaijua, na mtendaji anapohamishwa akabidhi diski kwa maandishi kama anavyokabidhi muhuri. Kisha karatasi zichapwe seti 3, kila ukurasa upigwe muhuri na kutiwa sahihi: moja masjala ya kijiji, moja Katesh, na moja, kwa gharama ya nauli ya basi, Babati.